Sandwichi za kubeba kazini: Vitu 7 vya kuweka katikati ya mkate, na vipi visikae mezani hadi mchana

Saa saba mchana, Dar es Salaam. Jua kali, foleni kwa mama ntilie imefika barabarani, na wewe una dakika 30 tu kabla simu ya ofisini haijaanza kukutafuta. Ukipata wali unakuwa wa mwisho wa sufuria. Ukikosa, unaishia soda na maandazi mawili, saa kumi njaa imerudi.

Ndiyo maana watu wengi siku hizi wanabeba chakula kutoka nyumbani. Tatizo linakuja kwenye swali moja: nibebe nini ambacho hakinichukui saa nzima jikoni asubuhi?

Jibu rahisi ni mkate. Slesi mbili, kitu kizuri katikati, umemaliza. Hapa chini kuna mawazo saba yanayotumia vitu vya sokoni na dukani kwa Mangi, mengi hayazidi dakika 10. Lakini soma hadi mwisho, kuna sehemu ya joto na tumbo ambayo wengi tunairuka. Mimi niliiruka, nikajuta.

Kwanza, hesabu

Tuseme mchana unatumia Sh4,000, yaani sahani ya chakula na maji. Kwa siku 22 za kazi ni Sh88,000 kwa mwezi. Tuseme sandwichi ya nyumbani inakugharimu Sh1,500. Hiyo ni Sh33,000. Tofauti ni Sh55,000.

Bei za mtaani kwako zinaweza kuwa juu au chini ya hapo, kwa hiyo weka namba zako mwenyewe. Na si lazima ubebe kila siku. Hata ukibeba siku tatu kwa wiki, mwisho wa mwezi utaona kitu kimebaki.

Kanuni moja kabla ya kuanza: mkate usilowe

Sandwichi nyingi za nyumbani zinaharibika kwa sababu moja tu, maji. Nyanya inatoa maji, kachumbari inatoa maji, na ukifika mchana mkate umekuwa uji.

Fanya hivi:

- Paka siagi au mayonezi kidogo hadi kwenye kingo za slesi zote mbili. Mafuta yanazuia maji yasipenye haraka.
- Toa mbegu na maji ya nyanya kabla ya kuikata.
- Kachumbari iweke chumvi, iache dakika tano, halafu ikamue kwa mkono.
- Ukiweza, beba nyanya na tango kwenye kikopo chake, uviweke kwenye mkate wakati wa kula.
- Mkate wa jana ni mzuri kuliko wa leo. Ule wa moto kutoka bekari unakatika na kunyonya maji haraka.

1. Yai na parachichi

Chemsha mayai mawili kwa dakika 10 hadi 12. Yamenye, yaponde kwa uma pamoja na nusu parachichi, chumvi, pilipili manga na maji ya ndimu.

Ndimu haipo kwa ajili ya ladha tu. Parachichi likishakatwa linakutana na hewa na kuanza kuwa jeusi. Ndimu inachelewesha hilo, kwa hiyo ukifungua mchana bado linatamanika. Ukiongeza kitunguu, kikate kidogo sana. Ofisi ni ya watu wengi.

2. Tuna wa kopo na kachumbari kavu

Fungua kopo la tuna, yaani jodari, kamua mafuta au maji yake yote. Changanya na kitunguu, hoho na karoti iliyokwaruzwa. Weka ndimu na kijiko kimoja cha mayonezi. Ukitaka moto, weka pilipili kidogo.

Sadini wa kopo ni mbadala wa bei nafuu. Miba yake ni laini, unaiponda nayo, na inakupa kalsiamu. Kopo likibakisha kitu, usiliweke kwenye friji hivyo hivyo. Hamishia kwenye chombo chenye mfuniko na umalize ndani ya siku tatu.

3. Kuku wa jana na kabichi

Kuku aliyebaki Jumapili asiishie kupashwa moto tu. Chambua nyama kwenye mifupa, ikate vipande vidogo. Kwaruza kabichi na karoti, changanya na mayonezi kidogo au mtindi mzito na chumvi.

Kabichi ina faida kubwa kwenye chakula cha kubeba: hailegei haraka kama saladi ya majani. Kuku aliyepikwa anakaa kwenye friji siku tatu hadi nne, kwa hiyo wa Jumapili asivuke Jumatano.

4. Maharage yaliyopondwa

Hii wengi hawaijui na ndiyo ya bei nafuu zaidi. Chukua maharage ya jana, yachuje mchuzi, yaponde kwa mwiko. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, mimina maharage, koroga hadi yakauke na kuwa mazito. Malizia na ndimu na giligilani.

Paka nene kwenye mkate, weka vipande vyembamba vya tango juu. Hii inashibisha hadi jioni, na inafaa sana kipindi cha Kwaresima au kama hauli nyama. Ila maharage yawe yameiva vizuri. Maharage mabichi au yaliyoiva nusu yanaumiza tumbo vibaya.

5. Siagi ya karanga na ndizi mbivu

Dakika mbili tu. Paka siagi ya karanga slesi zote mbili, kata ndizi mbivu vipande vya mviringo, funika. Ukitaka utamu zaidi, weka asali kidogo.

Hii ndiyo sandwichi inayovumilia joto kuliko zote kwenye orodha hii. Ndizi ikate asubuhi hiyo hiyo, au ibebe nzima na uikate ofisini.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama kuna mwenzako mwenye mzio wa karanga, usimgawie wala usimwachie makombo mezani. Pili, ukisaga karanga mwenyewe, tupa zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu. Ukungu unaweza kubeba sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote.

6. Biringanya ya kukaanga

Kata biringanya vipande vya unene wa kidole, nyunyiza chumvi, acha dakika 10, futa maji. Kaanga pande zote mbili kwa mafuta kidogo hadi ziwe za kahawia. Kwenye kikaango hicho hicho pika nyanya moja na kitunguu saumu hadi zikauke kabisa.

Panga biringanya kwenye mkate, paka rojo la nyanya juu. Kaanga usiku, asubuhi kazi yako ni kupanga tu.

7. Omeleti ya hoho na mchicha

Piga mayai mawili, weka hoho, kitunguu na mchicha uliokatwa na kukamuliwa maji. Kaanga hadi yai liive kabisa, lisibaki la majimaji. Acha lipoe kidogo kabla ya kuweka kwenye mkate, maana mvuke nao unalowesha.

Mkate umekwisha? Tumia chapati. Waganda wana rolex yao, omeleti iliyoviringishwa ndani ya chapati pamoja na nyanya, kitunguu au kabichi. Ni chakula cha mtaani kinachobebeka vizuri kuliko sandwichi.

Sasa, suala la joto

Hapa ndipo nilipojifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitengeneza sandwichi ya yai na mayonezi saa 12 asubuhi. Nikapanda daladala, nikafika, nikaiweka kwenye mkoba chini ya meza. Nikala saa nane. Haikuwa na harufu mbaya wala ladha ya ajabu. Usiku ule sikulala, na kesho yake sikwenda kazini. Hela niliyookoa wiki nzima iliishia duka la dawa.

Kilichotokea kinaeleweka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Bakteria wanazaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Wataalamu wa Marekani wanakwenda mbali zaidi: joto likizidi nyuzi 32, muda unapungua hadi saa moja. Kwa Dar ya Januari au Februari, hiyo si mbali na hali ya kawaida ya mchana.

Na usijidanganye kwamba utapasha kwenye maikrowevu na mambo yataisha. Baadhi ya bakteria wanaacha sumu kwenye chakula ambayo moto wa kupasha hauiondoi. Pua nayo haisaidii sana, chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikakulaza.

Kwa hiyo gawa sandwichi zako hivi.

Zinazohitaji ubaridi: yai, tuna aliyeshafunguliwa, kuku, maharage, omeleti, biringanya iliyopikwa. Hizi ziende kwenye friji ukifika tu.

Zinazovumilia mezani: siagi ya karanga na ndizi, jemu, na matunda au mboga mbichi nzima unazokata wakati wa kula.

Ofisini hakuna friji. Nifanye nini?

Usikate tamaa, kuna njia tatu.

- Gandisha chupa ya maji. Jaza chupa ndogo, acha nafasi juu, iweke kwenye friza usiku. Asubuhi iweke ubavuni mwa chakula ndani ya begi la kutunza ubaridi. Chakula nacho kiwe kimelala kwenye friji, kisiwe cha moto. Mchana ukikuta barafu bado ipo na chakula ni cha baridi, kula. Ukikuta maji ya vuguvugu, achana nacho.
- Beba mkate mkavu, fungua kopo kazini. Slesi kwenye chombo chake, kopo la tuna lenye kifungulio, ndimu na karoti. Kopo ambalo halijafunguliwa halihitaji friji. Unatengeneza pale pale kwa dakika tatu.
- Beba parachichi zima. Kisu, chumvi kwenye karatasi na nyanya moja. Hakuna kilichopikwa, hakuna cha kuharibika njiani.

Kama unafanya kazi ya kuzunguka, bodaboda, mauzo au ulinzi wa zamu ndefu, njia ya pili na ya tatu ndizo salama zaidi kwako.

Kufunga na kubeba

Chombo kigumu chenye mfuniko ni bora kuliko karatasi, hasa ukipanda mwendokasi ya asubuhi ambako kila kitu kinabanwa. Ukitumia foili au karatasi safi, funga kwa kubana ili hewa isikaushe mkate. Usifunge kwenye gazeti, wino wake si wa chakula.

Chombo kioshe kwa sabuni kila siku, pamoja na ule mpira wa kwenye mfuniko. Utoe, usugue, uache ukauke. Pale ndipo harufu na ukungu vinapojificha.

Na mikono. Nawa kwa sabuni kabla ya kutengeneza na kabla ya kula. Hela, simu na bomba la daladala vyote umevishika asubuhi hiyo.

Ratiba ya wiki moja

- Jumatatu: Kuku wa Jumapili na kabichi
- Jumanne: Yai na parachichi
- Jumatano: Siagi ya karanga na ndizi, siku ya uvivu
- Alhamisi: Maharage yaliyopondwa
- Ijumaa: Nenda kwa mama ntilie na wenzako

Hiyo ya Ijumaa si utani. Kubeba chakula kila siku kunaweza kukutenga na watu, na mazungumzo mengi ya maana ya kazini yanafanyika kwenye benchi la mama ntilie, siyo kwenye kikao. Na yeye pia anategemea wateja wake.

Fanya maandalizi usiku. Chemsha mayai, ponda maharage, osha mboga, weka vyote kwenye friji. Asubuhi unapaka, unafunika, unatoka. Ukisubiri kuanza saa 11 alfajiri huku umeme umekatika, utaishia na yale maandazi mawili na soda.

Kesho anza na moja tu. Ya karanga na ndizi haihitaji jiko wala friji.