Pikipiki Ilikuja na Meli, Boda Ilitengenezwa na Fundi

Wasee, leo tuongee historia, lakini si ile ya kukariri. Nilikariri sana na bado chuo kikanishinda mwaka wa pili. Historia ya leo ina grisi.

Ukiuliza bodaboda ilitoka wapi, utaambiwa Busia, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Kisha utaambiwa 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, nduthi zikajaa kila soko. Yote ni kweli. Lakini hadithi ikiishia hapo, imemruka mtu mmoja: fundi.

Fikiria hivi. Bajaj Boxer iliundwa India kubeba dereva na abiria. Ilipofika Kitui na Makueni ikapewa kazi ya punda. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na dereva hata hajapanda. Siku nyingine ni gunia la ndengu, ama maembe, ama mama mjamzito aliyebanwa katikati ya dereva na shangazi.

Watu wakakimbilia kuimarisha springi za nyuma, kwa sababu mzigo unakaa huko. Mbele ikasahaulika. Mzigo ukiwa nyuma, mbele inakuwa nyepesi, taa inamulika nyota. Halafu unashika breki ukiteremka milima ya Mbooni na uzito wote unahamia mbele ghafla. Foku inazama hadi mwisho, springi haina tena pa kwenda, na gurudumu linaruka badala ya kushika barabara.

Hiyo ndiyo iliniangusha. Baada ya kuacha chuo nilikuwa naendesha nduthi ya mjomba. Mbuzi akakatiza mbele yangu, nikafunga breki, tukalala. Mwaitu alikuwa nyuma yangu. Alivunjika mkono.

Fundi alibonyeza mbele mara moja tu, akaniangalia. "Kijana, nyuma umefunga kama lori, mbele umeacha kama baiskeli."

Nikamwambia aweke kipande cha bomba juu ya springi, vile wengi hufanya. Akakataa. Bomba linainua mbele, lakini springi inabaki na ulaini wake uleule. Oili nzito nayo inapunguza kasi ya kuzama na kurudi, haibebi mzigo. Ukitaka ugumu, tafuta springi ya waya mnene, ama yenye mizunguko michache. Akachukua springi za pikipiki kubwa, akazikata kwa kipimo, bomba likajaza tu nafasi iliyobaki. Akanionya pia: zikizidi ugumu, kwenye mawe gurudumu litadundadunda na utaanguka vilevile.

Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba springi hunyooka kulingana na nguvu inayoivuta. Mimi nilifanyiwa mtihani wa Hooke nikapita, nikasahau. Huyu mzee hakumtaja Hooke hata mara moja, na ndiye aliyekuwa akiitumia hiyo kanuni kila siku chini ya mwembe.

BMW ya Ujerumani ilipotoa R12 mwaka 1935, ikiwa na foku ya mabomba yanayoingiliana na oili ndani, iliingia kwenye vitabu vya historia. Sawa kabisa. Lakini waliochukua foku za aina hiyo na kuzipima upya kwa mzigo wa ndengu na mawe ya Mutomo, wameandikwa wapi? Tukisema boda ni zao la kodi na viwanda vya India, tunawafuta watu walioifanya iweze kufanya kazi hapa kwetu. Na wao wanazeeka. Simu unayo mfukoni. Kabla fundi wenu hajafunga kibanda, muulize alijifunza kwa nani, na umrekodi.

Mwaitu alipona. Bado hupanda nyuma yangu, lakini siku hizi kwanza huja mbele, akabonyeza foku kwa ule mkono uliovunjika, ndipo akapanda.