Bonde Linalochomwa kwa Makusudi

Ukikuta weusi wa majivu hapa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, Kenya, usidhani ni ajali. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) huchoma nyasi za Bonde la Lambwe kwa mpango, fungu moja baada ya jingine. Moto ukiwashwa upepo umetulia na mashina yangali na unyevu, hupita upesi: huteketeza nyasi kavu na kuunguza miche ya migunga inayotaka kugeuza uwanda kuwa kichaka, lakini mizizi ya nyasi hubaki hai. Ikinyesha kidogo tu, machipukizi mabichi hutokeza juu ya majivu.

Anayeyangoja ni korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi wenye mabaka meupe. Kenya nzima, korongo wa porini wamebaki hapa tu. Lakini ndama wake hufichwa kwenye nyasi ndefu wiki za kwanza, kwa hiyo kuchoma kote kungemwacha wazi kwa fisi.

Eneo hili la kilomita 120 za mraba lilitengwa 1966, likawa hifadhi ya taifa 1983. Kabla ya hapo lililindwa na mbung'o, waliowazuia watu na mifugo, wakali kuliko askari yeyote.