Daftari la Ng'ambo ya Nyamisati

Rufiji imeandikwa sana, lakini si na Warufiji wenyewe. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa Maji Maji, pale Mohoro, Agosti 1905, na tunachokijua juu yake kimetoka katika ripoti za waliomnyonga na katika simulizi za wazee zilizokusanywa miaka mingi baadaye. Max Looff, nahodha wa manowari Königsberg iliyozamishwa kwenye delta tarehe 11 Julai 1915, alirudi kwao akatunga kitabu. Tangu 1998 watafiti wa afya wamepita nyumba kwa nyumba wakiorodhesha nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Mzee wa Mkongo, ng'ambo ya mto kutoka Utete, huenda jina lake limo katika madaftari ya watu wengi, naye asiwe na hata ukurasa mmoja aliojiandikia.

Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba kuandika siku zako ili ujielewe ni tabia ya kigeni. Sikubaliani nao. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika darsa za pwani, ametenga sehemu nzima ya Ihyaa Ulumid-Din kwa muhasaba: mtu aihesabu nafsi yake kila siku kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake. Zaidi ya miaka arobaini kabla ya kifo chake, huko Baghdad, mwanachuoni Ibn al-Banna alikuwa akiandika matukio, misiba na ndoto zake siku baada ya siku. Tulichokuwa nacho pwani ni muhasaba wa moyoni na wa ulimi, unaofanywa baada ya sala. Kalamu ilikuwa na kazi nyingine: kuandika deni dukani, na tarehe ya kuzaliwa mtoto kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha dini.

Kujua kuandika kwenyewe hakukuwa kwa kila mtu. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, anasimulia jinsi alivyojifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma, si kuandika. Ujuzi huo ulimponza mapema: nduguye Barghash alipopanga kumpindua kaka yao, Sultani Majid, mwaka 1859, Salme ndiye aliyewaandikia barua waliokula njama. Alikuwa na miaka kumi na mitano hivi. Baadaye, akiwa mjane huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alianza kuandika maisha yake ili watoto wake wajue alikotoka, na kitabu kikatoka mwaka 1886. Hakuna mwanamke wa pwani tunayemjua aliyetangulia kujieleza hivyo kwa kirefu, na alifanya hivyo kwa Kijerumani, mbali na kwao.

Wengine waliandika kwa sababu Mzungu aliwaomba. Amur bin Nasur, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alimpa Mjerumani Büttner habari zake zilizochapishwa mwaka 1894. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifika Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mjerumani mwaka 1896, na masimulizi yake yamo katika kitabu cha Carl Velten cha 1901. Hamed bin Muhammed, yaani mfanyabiashara Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Ni rahisi kuyadharau maandishi ya kuagizwa, lakini ukiyasoma unaona kwamba mwandishi hakukubali kuongozwa. Tippu Tip alimpa Brode hesabu za pembe, za bunduki na za nani alimdanganya nani. Aliyajua maisha yake kwa njia ya mizigo na ahadi, naye hakuona haya kuyaeleza hivyo.

Mfano ulio karibu zaidi na Mkongo uko upande wa pili wa mlango wa bahari. Boti inatoka Nyamisati, wilayani Kibiti, inaacha mikoko ya delta nyuma na kuelekea Kilindoni, Mafia. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Pat Caplan, alifika kisiwani humo mwaka 1965 na kuishi katika kijiji cha kaskazini alichokipa jina la Minazini. Humo alimwomba mkulima mmoja, aliyemwita Mohammed ili kumficha, aandike shajara. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kitabu cha mwaka 1997, ambamo maneno ya Mohammed yanakaa pamoja na ya mkewe na ya binti yake.

Utakachokikuta katika shajara hiyo si maungamo. Yamo mashamba, wagonjwa, wageni, harusi, misiba, magomvi, na majini. Mtu huyu hasemi sana jinsi anavyojisikia. Anasema nani alikuja, nani hakuja, na chakula kilikuwa nini. Wasomaji waliozoea shajara za Ulaya wanaweza kudhani hapana nafsi hapo. Kwa maoni yangu ipo. Pwani mtu huonekana kwa waliomzunguka, na anayeandika kwa uaminifu nani alimjulia hali alipoumwa anajua, akirudia kusoma, amesimama wapi na watu wake.

Upungufu upo, na ni haki kuusema. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dallas. Waliokwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata ni wale walioandika tukio zito la maisha yao pamoja na hisia zao. Kuandika tukio tupu hakukuwafaidia wengine. Daftari letu la mavuno na wageni linaishia mlangoni hapo. Aliyeuvuka mlango ni Shaaban Robert, katika Maisha Yangu na katika barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, zilizochapishwa mwaka 2002. Humo anakosolewa na kujikosoa, anadaiwa, anachoka, anajipa moyo.

Rufiji ina sababu yake ya kuhitaji madaftari. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakulima wa bondeni kwenda vijiji vya nchi kavu, katika Operesheni Rufiji. Waliacha mashamba yenye majina, madungu ya kulindia mpunga, na elimu ya mlau, yaani kilimo kinachofuata maji yanapokupwa. Elimu hiyo ilikuwa vichwani. Baadaye, chini ya mradi wa mazingira wa Rufiji, wanavijiji walisoma vipimo vya maji mtoni na kwenye maziwa na kuandika tarehe na kina. Mafuriko yalipokuja tena Aprili 2024, watu walitaka kujua kama yanazidi yale ya El Niño ya 1998. Swali kama hilo halijibiwi na kumbukumbu ya mzee mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, kwa sababu kila mtu hukumbuka mafuriko yaliyomchukulia cha kwake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ya Kiswahili, na orodha yake iliyotungwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Tenzi zimo kwa wingi. Madaftari ya watu wa kawaida, yenye siku za kulima na za kuugua, hayakutafutwa kwa bidii hiyo. Basi, wewe uliye Mkongo, Ikwiriri, Kibiti au Kilindoni, ukikuta daftari la marehemu katika sanduku la nguo, usilichome pamoja na takataka za matanga. Andika juu yake jina la mwenyewe, kijiji na mwaka, liweke mbali na unyevu na mchwa, kisha uwaulize ndugu kama liende maktaba au libaki nyumbani.