Hospitali binafsi na huduma ya uzazi ya serikali (Usambara)

Ni utaratibu ambao hospitali zisizo za serikali, hasa za makanisa, huwahudumia wajawazito kwa niaba ya serikali ya Tanzania. Sera humsamehe mjamzito gharama katika vituo vya umma. Hospitali ya kanisa hulazimika kutoza, isipokuwa kuna mkataba unaoifidia.

Chini ya milima ya Usambara, hospitali ya Mtakatifu Augustino ya Muheza, mali ya Dayosisi ya Anglikana ya Tanga, ilifanywa Hospitali Teule: serikali ilichangia mishahara na dawa, kanisa likabaki mmiliki. Upande wa juu ipo hospitali ya Bumbuli, ya Walutheri. Kwa mama wa Bungu, kata ya Korogwe iliyo mlimani, umiliki si hoja kubwa. Uchungu ukianza usiku wa masika, bodaboda haipandi kwenye utelezi, na swali ni wapi pa kufika kwanza.

Mwaka 2012 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa fedha za Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, ulianza kuwapa wajawazito maskini wa Tanga na Mbeya kadi za bima. Kadi ilipokewa pia katika vituo vya dini na vya watu binafsi vilivyosajiliwa na Mfuko. Hapo fedha zilimfuata mama, jambo ambalo ruzuku ya kawaida hailifanyi. Kenya ilifuata njia kama hiyo kupitia mpango wake wa uzazi, Linda Mama. Udhaifu wa mipango hii ni ule ule: malipo yakichelewa, hospitali ndogo ndiyo huishiwa dawa kwanza.