Usiku Uliopotea Wismar

Nilisimama chini ya Wassertor, lango la zamani la bandari ya Wismar, kaskazini mwa Ujerumani, simu mkononi. Kwenye kioo chake, mnyonya damu wa filamu bubu ya Nosferatu alikuwa akipita papo hapo, jeneza lake kwapani. Sitamwita mumiani, mumiani wa kwetu huchukua damu akaiuze, huyu huinywa mwenyewe. Kilichonifikisha pale ni jua. Filamu hiyo ya 1922 inatuambia kuwa mwanga wa alfajiri humuua. Mbona basi anakatiza mji mchana kweupe?

Jibu la harakaharaka nimelisikia mara nyingi: watengenezaji walizembea. Nami nililiamini, hadi niliporudi kwenye riwaya ya 1897 ambamo hadithi yenyewe ilichotwa. Mle, mnyonya damu hutembea mchana. Hupungukiwa nguvu tu. Kifo cha jua ni nyongeza ya filamu. Mtu atunge sheria mpya, kisha aivunje kabla hadithi yake haijafika mwisho?

Nikapanda treni hadi Lübeck. Kando ya mto Trave yapo maghala ya chumvi, majengo sita ya matofali yaliyobanana, ambayo katika filamu ndiyo nyumba anayoinunua yule mnyonya damu. Nilidhani nikisimama pembe ileile ya kamera nitang'amua kitu kuhusu mwanga. Niliambulia picha kadhaa na soksi zilizolowa. Mahali pakinyamaza, makaratasi yatasema?

Makaratasi yana kisa chao. Hadithi ilichukuliwa bila ruhusa, majina yakabadilishwa, na mjane wa mwandishi wa riwaya akaenda mahakamani. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala ziteketezwe. Hapo ndipo wasimuliaji hunogewa: zote zikachomwa, ikanusurika moja tu! Kisa kitamu, ila hesabu haikubali. Amri ya nchi moja haivuki mpaka, na nakala zilikuwa zimeshavuka. Mwaka 1929 filamu ilionyeshwa New York. Paris ilibaki nakala ya 1922 yenye maandishi ya Kifaransa. Kwa hiyo si moja. Lakini hizo zilizopona, zinafanana na kile walichokiona watazamaji wa kwanza mjini Berlin, tarehe 4 Machi 1922?

Hapa ndipo nilipojiona mjinga. Nilikuwa nikiiita filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kama kila mtu. Nakala ya Paris ina rangi! Filamu za enzi hizo hazikunasa vizuri mwanga hafifu, hivyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha utepe ukachovywa kwenye dawa: buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa taa. Baadaye watu walipozidurufu nakala kwenye utepe wa kawaida, umbo lilihama, rangi ikabaki nyuma. Je, hilo peke yake linatosha kuwaondolea watengenezaji lawama?

Nilirudi chumbani, nikaweka matoleo mawili sambamba. Katika lile la kijivu, mwigizaji aliyepakwa unga usoni amebeba sanduku juani, na kusema kweli anachekesha. Katika lile la buluu, matofali ni yaleyale, hatua ni zilezile, mabega yamekakamaa vilevile, ila mji umelala. Mkono wangu uliacha kikombe. Hakuna aliyesahau sheria yake. Usiku ulifutwa na waliodurufu, miaka baadaye, bila kukusudia. Hata hivyo siwezi kufunga jalada. Negativu ya asili haipo, na nakala zilikuwa zikitiwa rangi mojamoja, kila moja kwenye beseni la dawa. Buluu ninayoitazama ni ya Paris. Ukumbini Berlin, usiku ule ulikuwa wa buluu gani?