Anayeanza safari ya baiskeli ya siku kadhaa Katavi achague njia ipi?

MWANZO wa ngoma ni lele. Msemo huo wa wahenga unamfaa sana mtu anayetaka kufunga begi nyuma ya baiskeli na kusafiri kwa siku tatu, nne au zaidi kwa mara ya kwanza. Wengi huanza kwa kufungua ramani na kuchagua mstari mrefu unaopendeza macho. Wakiwa njiani hugundua kuwa kinachowashinda si miguu, bali maji, jua na umbali kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Makao makuu yake ni Mpanda, mji ulioko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara kuu nne zinatawanyika: moja kwenda mashariki hadi Inyonga na Tabora, ya pili kusini hadi Sitalike na Sumbawanga, ya tatu kusini magharibi hadi Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na ya nne kaskazini magharibi hadi Vikonge na Uvinza. Katika ramani zote zinafanana. Kwa mtu aliye juu ya baiskeli, kila moja ina masharti yake.

Kipimo cha kwanza si kilomita

Mtu mwenye afya ya kawaida, akiwa na mzigo wa kilo 10 hivi, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa kwenye lami iliyo tambarare. Kwenye changarawe na vumbi mwendo huo hushuka hadi kilomita nane au kumi, na kwenye mchanga mwingi hulazimika kushuka na kusukuma. Kwa hesabu hiyo, kilomita 40 za lami ni kazi ya saa tatu hadi nne pamoja na mapumziko, na hicho ni kiasi cha kutosha kwa siku ya kwanza.

Hata hivyo, kilomita peke yake hazitoshi kupimia njia. Anayeanza anapaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kuondoka. Kwanza, ni umbali gani kati ya sehemu moja ya kupata maji na nyingine? Pili, kuna mahali pa kulala penye paa kabla jua halijazama? Tatu, iwapo goti litauma au rimu itapinda, kuna gari la abiria litakalopita siku hiyo hiyo na kumrudisha mjini? Njia inayotoa jibu zuri kwa maswali yote matatu ndiyo rahisi, hata kama haina lami. Ile inayoshindwa swali moja ni ngumu, hata kama lami yake inang'aa.

Tabora hadi Mpanda: lami nzuri, msitu mrefu

Mfano wa njia inayodanganya ni barabara ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole, Koga na Inyonga hadi Mpanda. Ina urefu unaozidi kilomita 300, na baada ya kujengwa kwa lami imekuwa kivutio kwa waendesha baiskeli wanaopenda mwendo usio na mashimo. Kwa mzoefu ni njia ya kufurahisha.

Kwa anayeanza, tatizo ni kuwa sehemu kubwa ya barabara hiyo inakatiza misitu ya miombo ambako makazi ni machache na yako mbali mbali. Lami humwondolea msafiri tabu ya mchanga lakini haimpi maji, wala haisogezi vijiji karibu. Aidha, barabara nzuri huwapa magari makubwa mwendo mkali, na mtu wa baiskeli hulazimika kukaa ukingoni akisikiliza kila ngurumo inayotoka nyuma. Njia hiyo ingoje safari ya pili au ya tatu.

Mpanda hadi Sumbawanga: hifadhi katikati

Njia ya kusini, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ina vikwazo viwili. Kati ya Sitalike na Kibaoni barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Humo wamo simba, tembo na makundi makubwa ya nyati. Hakuna uzio, na hakuna kijiji cha kukimbilia. Anayeanza asijaribu kukipita kipande hicho kwa baiskeli. Apakie baiskeli yake kwenye basi huko Sitalike na kushukia Kibaoni.

Kikwazo cha pili ni mlima. Baada ya bonde, barabara inapanda kuelekea uwanda wa juu wa Ufipa, na Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kupanda namna hiyo na mzigo, siku ya tatu au ya nne ya safari, ndiko kunakowafanya wengi waiweke baiskeli stoo na wasiiguse tena.

Mpanda hadi Sitalike: shule ya siku tatu

Njia inayomfaa zaidi anayeanza ni ile ile ya kusini, lakini iishie Sitalike. Umbali wake ni kati ya kilomita 35 na 40, barabara ni ya lami, na vijiji na misitu hupokezana njiani. Magari ya abiria yanayokwenda na kurudi Mpanda hupita mchana, hivyo anayeshindwa halazimiki kulala porini. Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi na penye makao makuu yake, kina nyumba za kulala wageni, sehemu za kupiga kambi na chakula cha mamalishe.

Mpango wenyewe ni wa siku tatu. Siku ya kwanza msafiri anaondoka Mpanda asubuhi na kufika kabla ya jua kali. Siku ya pili baiskeli inapumzika: anaingia hifadhini kwa gari akiwa amelipa kiingilio, au anatembea kwa miguu akisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa utaratibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kiangazi, maji ya Mto Katuma yanapopungua, viboko hukusanyika kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki, na mandhari hayo ndiyo yaliyoijengea Katavi sifa. Wenyeji husimulia kuwa jina la hifadhi linatokana na Katabi, mwindaji wa Wabende ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Siku ya tatu ni kurudi Mpanda.

Wapo watakaoona safari hiyo ni fupi mno. Lakini ndani ya siku tatu msafiri atakuwa amejua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumwambia: tandiko lake linamuumiza au la, mzigo wake ni mkubwa kiasi gani, anakunywa maji kiasi gani kwa saa, na siku ya kurudi miguu yake inasemaje.

Mpanda hadi Karema: safari ya pili

Aliyerudi kutoka Sitalike akiwa bado na hamu anaweza kuelekea ziwani. Karema iko umbali wa kilomita zinazokaribia 110 kutoka Mpanda, na Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo kwa jumla msafiri anashuka, ingawa kuna vilima njiani. Atarajie changarawe na vumbi, na agawanye safari katika siku tatu za kwenda badala ya mbili. Kabla ya kuondoka Mpanda, awaulize madereva wa magari ya Karema ni vijiji gani vya katikati vina nyumba ya wageni kwa wakati huo. Pasipo na nyumba ya wageni, utaratibu ni kufika mapema kwa ofisa mtendaji wa kijiji, kujitambulisha kwa kitambulisho na kuomba mahali pa kulala. Kurudi iwe kwa gari, kwani kupanda kutoka ziwani na miguu iliyochoka si somo la mwanafunzi.

Karema ina malipo yake kwa aliyefika. Ndipo Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walipojenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Ni miongoni mwa misheni kongwe za Kikatoliki magharibi mwa Tanzania.

Kwa anayetaka kujipima kwa siku moja kabla ya yote hayo, ipo lami ya Mpanda hadi Vikonge, yenye urefu wa kilomita 35 hivi. Aende nusu ya njia na kurudi, akiwa na mzigo wake wote. Upande wa mbele wa Vikonge, kuelekea Uvinza, ni msitu tena na umfae mzoefu.

Msimu na saa za kuondoka

Mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye tairi na breki hadi magurudumu hayazunguki. Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, kukiwa kukavu na kuna ubaridi wa asubuhi. Septemba na Oktoba joto hupanda sana, maji hupungua na moto wa nyika huwa mwingi.

Mgeni kutoka Dar es Salaam akumbuke pia kuwa Katavi iko mbali magharibi, hivyo mwezi Juni na Julai jua huchomoza saa moja asubuhi na dakika chache, nusu saa hivi baada ya pwani. Asiondoke gizani kwa mazoea ya nyumbani, kwani hiyo ndiyo saa ambayo wanyama bado wako barabarani. Aondoke kukiwa kumepambazuka vizuri na alenge kufika kabla ya saa sita. Lita nne za maji kwa mtu mmoja ndicho kiwango cha chini cha kuanzia siku.

Mbung'o, viboko na mengineyo

Adui anayesahaulika zaidi ni mbung'o. Wadudu hao huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inayotundikwa misituni hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Msafiri avae nguo pana za rangi ya kaki, zenye mikono mirefu na kitambaa kizito, maana nyembamba hutobolewa. Mbung'o wanaweza kueneza ugonjwa wa malale. Anayepata homa wiki kadhaa baada ya safari aende hospitali na kumweleza daktari alipokuwa. Kinga ya malaria na chandarua havina mjadala.

Sitalike, asitembee kandokando ya mto jioni wala usiku. Kiboko hutoka majini gizani kwenda kula majani, na aliyesimama kati yake na maji yumo hatarini. Akiona tembo barabarani, asimame mbali, asipige kengele wala kelele, angoje gari lipite kwanza.

Baiskeli na mzigo

Baiskeli haihitaji kuwa ya gharama. Katika miji na vijiji vya Katavi, baiskeli kubwa aina ya Phoenix hubeba mkaa, mpunga na madumu ya maji, na mafundi wake hawakosekani. Kwa sababu hiyo, tairi na tyubu za inchi 26, au zile za inchi 28 za Phoenix, ni rahisi kupata kuliko tairi nyembamba za kisasa. Msafiri achukue tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, pampu inayoingia kwenye vali yake, spana, kipande cha cheni na waya wa breki, na ajifunze kuziba pancha akiwa nyumbani. Mzigo ufungwe kwenye keria, si mgongoni.

Baiskeli inaweza kufikishwa Mpanda kwa basi au kwa treni kupitia Kaliua, kwenye tawi la reli la kilomita 210 lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Kwa kuwa treni ya tawi hilo haisafiri kila siku, ratiba iulizwe mapema.

Mwisho, msafiri aache jina la njia yake na siku ya kurudi kwa mtu wa Mpanda, kwani mtandao wa simu hukatika misituni. Aamue pia kabla ya kuondoka ni saa ngapi atakaposimamisha gari na kupakia baiskeli iwapo bado yuko njiani. Uamuzi huo ni mwepesi nyumbani. Saa tisa alasiri, chupa zikiwa tupu, huwa mzito mno.