Wimbo Uliohama Lugha

Wasonjo wa Samunge, wilayani Ngorongoro, wana lugha yao ya nyumbani. Lakini wimbo wa taifa mtoto wao huuimba shuleni kwa Kiswahili. Aghalabu haambiwi kuwa wimbo wenyewe nao ulihamia katika Kiswahili kutoka lugha nyingine.

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga sala fupi kwa Kixhosa na kuitia sauti. Alifariki 1905. Baadaye mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zikachapishwa 1927. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Disemba 1961, iliichukua sauti ya Sontonga na kuivika maneno ya Kiswahili. Muungano wa 1964 ukaleta jina la Tanzania.

Mpangilio wa beti hizo una maana yake. Ubeti wa kwanza waiombea Afrika, wa pili waiombea nchi: bara limetangulia taifa, wakati ambapo jirani wengi walikuwa bado chini ya wakoloni.

Kuazima si aibu. Wafini huimba shairi la Runeberg lililotungwa kwa Kiswidi, na Estonia hutumia sauti iyo hiyo. Aibu ni kumsahau mwenye mali. Kaburi la Sontonga lilipotea kwa miaka mingi, hadi 1996 lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa Afrika Kusini. Mtoto wa Samunge anayefundishwa wimbo astahili kufundishwa na jina la mtunzi.